Tingatinga: Jina la Mtu Lililogeuka Jina la Picha

Siku moja, hapa Carama, mjini Bujumbura, tuliandika ubaoni neno "tingatinga", tukawauliza wanafunzi wetu maana yake. Wa kwanza alijibu kuwa ni mtambo wa kusawazisha barabara. Wa pili, aliyepata kufika Dar es Salaam, alisema ni picha za twiga na tembo wauziwazo wageni. Majibu yote mawili ni sahihi. Hata hivyo, hakuna aliyetaja la tatu, nalo ndilo mzizi wa lile la pili: Tingatinga lilikuwa jina la mtu. Tumeona vema, basi, kuwakumbusha walimu wenzetu habari zake.

Edward Saidi Tingatinga alizaliwa yapata mwaka 1932 katika wilaya ya Tunduru, kusini mwa nchi iliyokuwa ikiitwa Tanganyika. Kama vijana wengi wa huko, alikwenda kutafuta kazi katika mashamba ya mkonge ya Tanga, kisha akahamia Dar es Salaam. Huko alikuwa mtumishi wa nyumbani na bustanini, akafanya na vibarua vingine vya kumpatia riziki. Hakupita katika chuo chochote cha sanaa.

Mnamo mwaka 1968 alianza kuchora. Inasimuliwa kwamba aliwahi kuziona picha za wachoraji kutoka Kongo zikiuzwa mjini, akaona kuwa naye aweza kujaribu. Hakuwa na turubai wala rangi za wasanii. Alitwaa vitu vya mafundi wa nyumba: silingibodi, yaani zile mbao nyembamba zilizoshindiliwa kwa nyuzi za miti, akachorea vipande vya mraba vya kiasi cha sentimita 60 kila upande. Rangi zake zilikuwa zile za mafuta za kupakia milango na baiskeli. Aghalabu alipaka ubao mzima rangi moja, kisha juu yake akamchora mnyama mmoja, chui au tembo au ndege, akaujaza ubao. Mng'ao wa rangi hiyo ukawa alama ya kazi zake.

Picha hizo ziliuzwa nje ya duka la Morogoro Stores, Oysterbay, na wanunuzi wengi walikuwa wageni. Wahenga walisema, mcheza kwao hutunzwa. Tingatinga alicheza kwao, lakini waliotangulia kumtunza walitoka mbali. Kazi ilipozidi, aliwafundisha vijana wachache, wengi wao jamaa zake, miongoni mwao Simon Mpata, January Linda na Ajaba Abdallah Mtalia.

Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi mjini Dar es Salaam, wakimdhania mhalifu anayetoroka. Akafa. Alikuwa amechora kwa miaka ipatayo minne tu. Wanafunzi wake hawakuziweka chini brashi, na mwaka 1990 waliorithi kazi hiyo waliunda chama cha ushirika chenye jina lake.

Wapo wasemao kwamba sanaa hii ni bidhaa ya watalii, haistahili kufundishwa. Sisi hatukubaliani nao. Mnunuzi hawezi kuufuta mkono wa fundi. Kibarua asiye na turubai aliyeugeuza ubao wa dari kuwa picha ameonyesha akili ambayo mwanafunzi wetu yafaa aifahamu.

Tena lipo somo la lugha. Zamani watu walisema "Tingatinga anachora". Leo husema "tingatinga zinauzwa". Jina limetoka ngeli ya watu likaingia ngeli ya vitu, na katika safari hiyo mtu mwenyewe akasahaulika. Lugha yaruhusu hivyo, wala hatuwezi kuizuia. Lakini mwalimu anaweza kusimama mbele ya darasa akamrudisha mwenye jina mahali pake.

Ndivyo tulivyofanya siku ile Carama. Kabla ya kengele kulia tuliandika sentensi moja, wanafunzi wakainakili daftarini: "Tingatinga alichora wanyama juu ya ubao."