Kiti cha Umeme cha Gari Kimegoma? Sikiliza Kwanza Kabla ya Kununua Mota

Gari la mtumba kutoka Japani likishafikisha miaka 15 au 20, kiti cha umeme cha dereva huanza kusumbua. Ubaya ni pale kinapogoma kikiwa nyuma kabisa. Dereva mfupi hafikii breki vizuri, na hapo gari halifai kuingia barabarani.

Fundi anaweza kukwambia mota imekufa, lete hela ya spea. Subiri kidogo. Washa swichi ya gari, zima redio na feni, kisha bonyeza kitufe cha kiti na usikilize.

Kukiwa kimya pande zote, huenda umeme haufiki. Angalia fyuzi ya kiti, kwa kawaida ya ampea 20 hadi 30. Ikiwa imeungua, weka ya kiwango kilekile. Usiweke kubwa zaidi wala kuunganisha kwa waya, utaunguza nyaya zilizo chini ya zulia. Kama fyuzi ni nzima, inama uangalie chini ya kiti. Maji ya kuoshea gari na vumbi huishia huko, plagi zinapata kutu, na waya husuguliwa na reli hadi ukakatika.

Ila plagi za njano usiziguse. Hizo ni za airbag na mkanda. Kabla ya kuchomoa chochote chini ya kiti, zima gari, toa waya wa hasi wa betri na usubiri dakika zisizopungua tatu.

Je, kiti kinakwenda mbele lakini hakirudi nyuma? Hapo mota karibu hakika ni nzima, maana ni hiyohiyo moja inayozunguka pande zote mbili. Kinachobadilika ni mwelekeo wa umeme tu. Mshukiwa ni swichi. Mara nyingine ikifunguliwa na vibati vyake vya ndani vikasafishwa, kazi imeisha.

Mota ikiunguruma na kiti hakiendi, tatizo liko kwenye gia au kebo inayozungusha reli. Ukiona upande mmoja unasogea na mwingine umebaki, acha kubonyeza, kitakwama mshazari.

Kuna kipimo kingine kisicho na gharama: fungua mlango usiku na ubonyeze kitufe. Taa ya ndani ikififia, umeme unafika, ila kuna kitu kimezuia. Pitisha tochi kwenye reli. Sarafu, kalamu au kifuniko cha chupa vinatosha kabisa kukigomesha.

Baada ya hayo yote ndipo fundi aipime mota yenyewe kwa umeme wa volti 12 moja kwa moja, kupitia fyuzi. Isipozunguka, sasa tafuta nyingine. Nenda dukani na ile ya zamani mkononi, ulinganishe plagi na namba, kwa sababu mota ya kusogeza kiti na ya kulaza mgongo si lazima zifanane.