Upepo Ndani ya Mpira

Neno mpira, ambalo leo humkumbusha Mtanzania goli na kipenga, katika misitu ya nyuma ya Kilwa na Lindi lilikuwa jina la mmea. Ni mtambaa wa jamii ya mbungo, ndugu wa ule unaozaa mabungo ya juisi. Ukichanjwa hutoa utomvu mweupe kama maziwa. John Kirk, konseli wa Uingereza Unguja, aliwaeleza wanabotania wa Ulaya habari zake, na aina moja ikaitwa Landolphia kirkii. Utomvu huo ulivutika kama uzi, ukazungushwa mpaka ukawa donge. Wavunaji wengine waliupaka mkononi, wakaubandua ulipokauka na kuuviringa.

Mwaka 1873 Sultani Barghash alipiga marufuku biashara ya watumwa kwa njia ya bahari. Kilwa Kivinje, mji uliokuwa umetajirika kwa minyororo, ulilazimika kutafuta riziki nyingine. Katika miaka iliyofuata madonge ya mpira yakachukua nafasi kubwa bandarini, pamoja na sandarusi na pembe za ndovu. Wapagazi waliyashusha kutoka Donde, upande wa Liwale. Ukisoma historia ya pwani hii ni rahisi kukwama kwenye misikiti ya Kilwa Kisiwani na dhahabu ya Sofala, ukalisahau donge hili jeusi. Si haki, maana safari yake ilikuwa ndefu.

Ulaya ilikuwa ikiutumia mpira kwa makoti ya mvua na mikanda ya mashine. Kisha, mwaka 1888, John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo wa Belfast, akaivisha baiskeli ya magurudumu matatu ya mwanawe mpira uliojazwa upepo. Robert William Thomson wa Uskoti alikuwa amesajili wazo hilohilo mwaka 1845, wakati ambapo hapakuwa na mtu wa kulinunua. Mwaka 1895 ndugu wawili Michelin waliingiza gari la tairi za upepo katika mbio za Paris hadi Bordeaux na kurudi, wakaandamwa na pancha njia nzima. Tangu siku hizo swali lilikuwa lilelile: dereva atajuaje kwamba upepo unatoka?

Mahitaji ya mpira yalipanda, na wataalamu wa Kijerumani wakaingia Donde kuuchunguza mmea. Lakini Agosti 1905 boma la Liwale lilianguka mikononi mwa wapiganaji wa Maji Maji, vita vilivyoanzia milima ya Matumbi, Kilwa, kwa hasira ya kulimishwa pamba kwa nguvu. Njaa iliyofuata iliua watu kwa maelfu, na vijiji vikabaki mahame. Kisha mwaka 1913 mpira wa mashamba ya Malaya na Ceylon ulijaa sokoni, bei ikaporomoka, na mtambaa wa Donde ukaachwa msituni.

Mpira uliporudi kusini, ulirudi umekuwa tairi. Barabara ya kusini yenyewe ilichelewa mno. Magari yalisubiri kivuko cha mto pale Ndundu mpaka Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003, na kipande cha Ndundu hadi Somanga, kilomita kama 60, kiliendelea kunasa mabasi kwenye tope kwa miaka mingi baadaye. Katika tope na mchanga dereva mzoefu hupunguza upepo ili tairi litanuke na kushika ardhi.

Lami imegeuza hesabu. Tairi lenye upepo mdogo likienda kasi hujikunja ubavuni kila mzunguko, likapata joto, nyuzi zake zikalegea, likapasuka. Nchini Marekani vifo vilivyohusishwa na tairi za Firestone katika magari ya Ford Explorer vilizaa sheria ya mwaka 2000, na kufikia Septemba 2007 kila gari dogo jipya lilitakiwa kuwa na taa ya kumwonya dereva. Taa hiyo, yenye umbo kama kiatu cha farasi na alama ya mshangao katikati, huwaka upepo ukipungua kwa asilimia 25: tairi la psi 32 likishuka hadi 24.

Njia za kujua ni mbili. Ya kwanza ni kifaa kidogo kinachokaa ndani ya tairi, kwenye valvu, chenye betri yake. Hupima upepo na kutuma habari kwa redio. Ya pili haipimi upepo kabisa. Hutumia vihisio vya breki za ABS kuhesabu mizunguko, kwani tairi lililolegea hupungua kimo na kuzunguka haraka kuliko wenzake. Ni hesabu safi, ila matairi yote manne yakilegea kwa pamoja inaweza kudanganyika.

Kwenye malori mengi ya njia hii ya kusini taa hiyo haipo. Dereva hushuka na kipande cha chuma, akagonga tairi moja baada ya jingine huku akitega sikio. Lililojaa hurudisha chuma kwa mlio mkavu. Lililolegea hunyamaza, na hapo ndipo jeki hutolewa.