Mtunya: njaa iliyowakuta bibi zetu (Kujiandaa kiroho kabla ya shida, sehemu ya 4)

  Leo natoka kidogo kwenye mambo ya wodini niwapeleke nyuma miaka mia na zaidi, hapahapa kwetu Dodoma. Kuna wengi tunaishi Makole, Chang'ombe, Kikuyu, tunapishana na mibuyu kila siku, na hatujui kwamba kuna mwaka mibuyu hiyo ndiyo iliyolisha watu.

Uliza wazee wa Kigogo kuhusu Mtunya. Ni jina la njaa ya kati ya mwaka 1917 na 1920. Neno lenyewe lina maana ya kugombania, kunyang'anyana. Wagogo walikuwa na majina ya njaa nyingi, maana nchi hii ni kavu. Mvua yetu ni ya msimu mmoja tu, ikianza Desemba ikiisha Aprili, na kwa mwaka haifiki hata milimita 600. Kwa hiyo msifikiri bibi zetu walikuwa watu wasiojipanga. Walipanda mtama na uwele kwa sababu vinavumilia ukame. Waliweka ghala. Ng'ombe hawakuwekwa zizi moja, wengine walikabidhiwa kwa ndugu na marafiki wa mbali, ili ugonjwa au ukame ukipiga huku, kule kubaki kitu. Na njaa ikizidi, unabeba watoto unakwenda kwa shemeji ambako mvua ilinyesha. Hiyo ndiyo ilikuwa bima yao.

Sasa ikaja vita ya kwanza ya dunia. Nchi hii ilikuwa ya Wajerumani, na reli ya kati ilikuwa imeshapita hapa mjini, kwa hiyo majeshi yalipita hapa pia. Wajerumani walichukua ng'ombe na nafaka. Julai 1916 majeshi ya upande wa Uingereza yakaingia Dodoma, nao wakachukua ng'ombe, wakachukua na wanaume kwa maelfu kuwa wapagazi wa kubeba mizigo ya vita. Wengi hawakurudi. Yaani mvua zilipokosekana, ghala lilikuwa tupu, zizi tupu, na mwenye nguvu za kulima hayupo. Shemeji wa kule naye kachukuliwa vilevile. Halafu mwishoni mwa 1918 ikafika ile homa kali ya mafua iliyozunguka dunia nzima. Mimi kama nesi hapo najua kilichotokea bila kuambiwa: mwili uliokonda kwa njaa hauna kinga ya kupigana na homa.

Wanahistoria wanakadiria kwamba katika Wagogo kama 150,000 walikufa watu wapatao 30,000. Mmoja kati ya watano. Hesabu watu wa nyumbani kwako, kisha hesabu tena.

Kuna jambo katika historia hii mimi kama mama linanishinda kulisoma mara mbili. Familia nyingine ziliweka watoto rehani. Unampeleka binti yako kwa mwenye chakula, unapewa nafaka, unarudi nyumbani na nafaka bila binti. Jamani, tusiwahukumu. Mama mwenye watoto wanne na chakula cha mmoja alikuwa anatafuta namna ya wote kuiona kesho.

Na Wakristo wa wakati huo? Kanisa lilikuwa bado changa. Wamisionari Waanglikana wa CMS walianza Mpwapwa miaka ya 1870, na karibu na 1900 wakafika Mvumi, Buigiri na Kongwa. Vita ilipoanza, wamisionari hao walikuwa Waingereza ndani ya nchi ya Wajerumani, yaani raia wa adui. Wakazuiliwa, wanawake kwa wanaume, na mwishowe wakawekwa Tabora hadi Wabelgiji walipoingia mji huo Septemba 1916. Walimu Waafrika waliteseka zaidi. Walishukiwa kuwa majasusi, wakakamatwa, wakapigwa, wakafungwa na kufanyishwa kazi ngumu.

Hebu fikiria kanisa la kijijini wakati huo. Mchungaji hayupo, mwalimu kafungwa, na njaa iko mlangoni. Walichobaki nacho ni kile walichokishika kichwani siku za amani. Agano Jipya lilikuwa limeshachapishwa kwa Kigogo kabla ya vita, watu walishasoma, walishaimba, walishasali kwa lugha wanayoiotea ndoto. Gerezani hubebi kabati la vitabu. Unabeba ulichokariri.

Ninyi mnaonifuata toka sehemu ya kwanza mnajua napoelekea. Kliniki tunawasumbua tangu mimba ikiwa changa: weka nauli pembeni, mjue atakayekusindikiza, mjue nani atachangia damu. Hatungoji uchungu uanze, kwa sababu uchungu ukianza hakuna anayefikiri vizuri. Imani nayo iko hivyohivyo. Ndiyo maana Yusufu kule Misri alijaza maghala miaka ya shibe, na wale wanawali watano wenye busara walichukua mafuta ya akiba mapema.

Lakini mtu asikudanganye kwamba waliosali hawakufa Mtunya. Njaa haikuuliza cheti cha ubatizo. Walikufa waliobatizwa na wasiobatizwa, na mama aliyekuwa akiimba kanisani alizika kama jirani yake. Nasema hivi kwa sababu nawaona wodini. Mama ana mtoto anayehema kwa shida, tunamwambia tunahitaji kumhamishia hospitali kubwa sasa hivi, yeye ameshika simu anatafuta mtumishi amwombee, na huko anaambiwa atume kwanza sadaka ya ukombozi. Dakika ishirini zinapita. Simlaumu yule mama. Hajawahi kusali na mtoto wake nyumbani hata siku moja, sasa katika saa mbaya kuliko zote anataka kununua maneno ya mtu mwingine. Yule anayeomba pesa ndiye ninayemlaumu, tena sana. Saini fomu, panda gari ya wagonjwa, omba ukiwa ndani ya gari. Mungu anasikia huko.

Kwa hiyo wiki hii fanyeni haya wakati watoto wazima. Chagueni sala moja fupi na wimbo mmoja, msali na kuimba kila usiku hadi yule mdogo kabisa aweze bila kusaidiwa. Baba na mama kaeni mjibizane: wewe ukizidiwa huwezi kuongea, nani anaamua? Mmekubaliana kuhusu kuongezewa damu? Jirani gani atabaki na watoto usiku? Mfahamuni kwa jina huyo jirani, na kikundi chenu cha akina mama kanisani kifahamu mnapokaa. Mchango wa kikoba na kadi ya bima viendelee, hilo ni ghala letu la leo. Usiniambie unamtegemea Mungu tu halafu kadi imeisha muda tangu Januari.

Kanisa la hapa halikufa na Mtunya. Mwaka 1927 ikaundwa Dayosisi ya Central Tanganyika. Mnaopita kwenye Shule ya Canon Andrea Mwaka, huyo alikuwa mmoja wa makasisi wa kwanza Waafrika wa Anglikana katika eneo hili. Waambieni watoto wanaosoma pale, wengi hawajui jina lile ni la nani.

Kama bibi yako wa Mvumi, Buigiri au Chamwino aliwahi kukusimulia Mtunya, niandikie hapa chini. Nataka hasa kujua alisema walikula nini, na nani aliwapokea. Leo nipo zamu ya usiku, nitasoma asubuhi nikitoka.