Wiski: neno, kinywaji na namna ya kukionja

Wiski (nomino, ngeli ya i-/zi-: wiski hii, wiski hizi) ni kileo kikali kinachokenekwa kutokana na nafaka iliyochachuka, kisha kikalazwa katika mapipa ya mti. Neno limetufikia kupitia Kiingereza, nacho kililichukua katika Kigaeli, ambako uisge beatha ni "maji ya uhai". Waskoti huandika whisky, Waayalandi whiskey. Kiswahili hakina haja ya kuingia katika ugomvi huo.

Anayeanza kukielewa kinywaji hiki akiwa Ngamiani au kwingineko Tanga na aanzie mnazini. Tembo lililogemwa alfajiri ni tamu, likifika jioni ni kali, likikaa siku kadhaa huwa siki. Huko ni kuchachuka tu. Likichemshwa, mvuke wake ukapozwa na kukusanywa, hapo limekenekwa, na kamusi za zamani huliita zarambo. Basi wiski kwa nafaka ni kama zarambo kwa tembo. Tofauti kubwa iko kwenye pipa: wiski ya Uskoti hulazwa katika mwaloni si chini ya miaka 3, na humo ndimo inamopata rangi na sehemu kubwa ya harufu yake. Zarambo ni nyeupe kama maji.

Neno jingine la kulijua ni kimea, yaani nafaka iliyorowekwa, ikachipua, ikakaushwa. Watengenezaji wa pombe ya ulezi wanalo tangu zamani. Uskoti kimea ni cha shayiri, na baadhi hukikausha kwa moshi wa mboji.

Hapa pana hatari ya kuchanganya. Wiski yenye moshi si pombe ya moshi. Sheria ya mwaka 1966 kuhusu ukenekaji wa kienyeji nchini inalo neno moshi katika jina lake, kwa maana ya gongo. Gongo huweza kuwa na methanoli, ambayo hupofusha na kuua, na kulimimina katika chupa yenye nembo ya wiski hakuliondolei sumu.

Katika kuonja, wengi husema "kali" wakanyamaza. Ni uvivu wa lugha. Kali huunguza koo. Chungu ni mwarobaini. Ukakasi ni ule wa bibo, unaokaza ulimi. Nusa kwanza, midomo ikiwa wazi kidogo, kisha onja kidogo sana, utenganishe. Asiyekunywa, na Ngamiani wako wengi, atafaidika na maneno haya hata kwa kahawa.

Methali "Mgema akisifiwa tembo hulitia maji" hutukumbusha kwamba tembo la kunywa ni la ngeli ya li-/ya-, ndiyo maana ya -li-. Kwa wiski, hata hivyo, maji si hila. Mtengenezaji mwenyewe huyatia kabla ya kujaza chupa, kwa kawaida akiacha kileo asilimia 40 au zaidi, na matone machache katika bilauri huifungua harufu. Kitenzi chake sahihi ni kuzimua, lakini kitumie kwa uangalifu: mitaani leo kuzimua ni kunywa asubuhi ili kutuliza ulevi wa jana, na mhudumu akikusikia huenda akakuletea supu.