U Mwana wa Nani?

Mzee wa Mkomani hatosheki na jina. "U mwana wa nani?" Kisha bibi yako, kisha mtaa, hadi akujue.

Mwaka 1968 Boris Weisfeiler na Andrei Leman walilipa swali hilo sura ya hesabu. Chukua nukta zilizounganishwa kwa mistari, futa majina, halafu tambua kila nukta kwa majirani zake, na majirani wa majirani. Aghalabu inatosha. Lakini chora nukta sita kwenye duara moja, na nyingine sita kwenye pembetatu mbili: kila nukta ina majirani wawili. Hesabu mpaka kesho, hutazitofautisha. Lazima uulize zaidi: je, majirani wako wenyewe wanajuana?

Hapo huwa nawaza Freretown, hapa jirani, ambako wamisionari wa CMS waliwaweka watu waliokombolewa utumwani kuanzia 1875. Wengi walibatizwa majina mapya. Mistari ya kwao ilikwishakatwa. Mzee angewauliza, wangejibu nini? Wakaoana, wakasimamiana ubatizo, wakazikana. Majirani zao wakajuana. Naona hilo ndilo lililowarudishia ukoo: si jina daftarini, ni watu wawili wanaokujua, nao wanajuana.