Ballard, Martha (1735–1812)

Mkunga wa bonde la mto Kennebec, Maine, enzi ambazo nchi hiyo ilikuwa chini ya Massachusetts na walowezi ndio kwanza wanafyeka misitu yake. Alizaliwa Oxford, Massachusetts. Mwaka 1769 dondakoo iliwachukua binti zake watatu kabla wiki tatu hazijatimia. Miaka minane baadaye alimfuata mumewe, Ephraim, mpima ardhi na mwendesha kinu, hadi Hallowell katika bonde hilo.

Tangu 1785 hadi 1812 aliandika shajara: mvua au theluji, nani kaja, nani kajifungua, kalipa nini. Vizazi 816 vimo humo. Wazazi aliwafuata kwa mtumbwi, kwa farasi, na mto ukiganda, kwa miguu juu ya barafu. Ada ya kawaida ilikuwa shilingi 6, ingawa wengi walilipa kwa vitu. Nyumbani kitani kilitoka shambani, kikasokotwa, kikafumwa na mabinti, kisha kazi na bidhaa zikazunguka baina ya wanawake majirani. Uchumi huu haumo katika madaftari ya wanaume. Kisheria, pato la mke lilikuwa la mume.

Desturi ya mahakama ilimtaka mkunga amuulize mzazi asiye na mume jina la baba wa mtoto uchungu ukiwa umepamba moto, kwa imani kwamba saa hiyo mtu hasemi uongo. Oktoba 1791 Sally Pierce alipoulizwa, alimtaja Jonathan, mtoto wa Martha mwenyewe. Martha hakulificha jina, aliliandika. Miezi minne baadaye wawili hao walioana.

Mwaka 1804 Ephraim alifungwa kwa deni la kodi alizopewa kazi ya kukusanya. Martha, akikaribia miaka 70, alibaki akihangaikia kuni.

Kwa muda mrefu wasomi waliipuuza shajara hii, wakiona ni habari za jikoni tu. Walikosea vibaya. Mwanahistoria Laurel Thatcher Ulrich aliisoma siku baada ya siku, akaandika A Midwife's Tale (1990), kitabu kilichopata tuzo ya Pulitzer mwaka uliofuata. Shajara yenyewe ilifika maktaba ya jimbo la Maine mwaka 1930, ikitoka mikononi mwa kilembwe wa Martha, Mary Hobart, aliyekuwa daktari.