Machungu ya Kuachwa na Chemko la Tabora

Februari 2023 Karol G wa Kolombia na mwenzake Shakira walitoa "TQG", wimbo wa regetoni unaomsuta mpenzi wa zamani huku watu wakicheza. Mzee wa Tabora hawezi kuushangaa. Mji wake ulishawachezesha watu machungu ya mapenzi tangu enzi za bendi za Kiko Kids, Nyanyembe Jazz na Tabora Jazz.

Muziki huo ulipita njia ya zamani. Wapagazi wa Kinyamwezi walibeba pembe za ndovu kutoka Tabora hadi Bagamoyo, wengi wakiacha wake nyumbani kwa miezi kadhaa. Baadaye ikaja reli: ilifika Tabora 1912, Kigoma 1914. Zikafuata gramafoni na santuri za mfululizo wa GV, ambazo kampuni ya HMV ilianza kuzitoa 1933, zikiwa zimejaa muziki wa Kikuba. Vijana wetu wakausikiliza mpaka ukawaingia vidoleni. Regetoni, iliyokulia Panama na Puerto Rico, imezaliwa katika bahari ileile ya Karibi, iliko Kuba. Kwa hiyo ni ndugu wa mbali wa muziki wetu wa dansi.

Katika muziki wa son wa Kuba wimbo una sehemu mbili, na dansi la Tanzania nalo likashika mpango huo. Mwanzo ni polepole. Gitaa la solo linatangulia, rithimu inapokea, besi inakanyaga chini, na mwimbaji anamlalamikia mpenzi: nilikukosea nini, mbona ahadi umeisahau? Wanaocheza wameshikana, hawana haraka. Beti zinapokwisha mwimbaji ananyamaza. Solo linapanda, linazungusha kipande kilekile kifupi, tumba zinakaza mwendo, na hapo ndipo penye chemko. Mikono inaachiana, kila mtu anacheza kivyake, na yule aliyekuwa akilia dakika tatu zilizopita ndiye anayetokwa jasho kuliko wote.

Tabora Jazz waliuita mtindo wao Segere Matata. Ndiko alikong'ara Shem Karenga, aliyetoka Kigoma alikoanzia Lake Tanganyika Jazz, na ndiye mtunzi wa "Dada Asha". Mimi naupenda zaidi uchungu wa namna hii kuliko ule wa kujigamba. Mtu anataja jina la mpenzi mbele ya ukumbi mzima, lakini hamvunjii heshima.

Njia ileile ya reli imetupa na kizazi cha sasa. Diamond Platnumz, ambaye asili yake ni Kigoma, alivuma kwa "Kamwambie", kilio cha kijana aliyeachwa, na mwaka 2010 akanyakua tuzo tatu za muziki za Kili. Vijana wanaomfuata wanastahili kuwasikia waliotangulia. Kanda nyingi za bendi hizo za zamani zilirekodiwa Radio Tanzania Dar es Salaam na sasa ziko mikononi mwa TBC. Zisafishwe, zihifadhiwe vizuri, na zipigwe hewani mchana kweupe. Zisiachiwe vipindi vya zilipendwa peke yake.